Mastaa Wapiga Mizinga Usiku wa Manane, Wanachuo wa Mzinga Walipa kwa Usingizi!

MOROGORO: Kama kuna kitu kinaibwa kila usiku Mzinga na hakuna anayekwenda kuripoti polisi, basi ni usingizi wa wanachuo. Wezi wenyewe wanajulikana. Wengine ni mastaa wakubwa, wana wafuasi mpaka basi, na kesho yake mchana wanaamka wamependeza kama vile hawakufanya kitu. Aliyeibiwa ndiye anayeonekana mhalifu: anasinzia darasani, anachelewa maabara, macho mekundu, halafu anaitwa mvivu.

Hii ni ya kusema bila kupepesa macho. Majina kapuni, maana lengo si kumvua mtu nguo, lengo ni kuonyesha nani anakula na nani analipa.

Kwa asiyeijua Mzinga, ni upande ule wa Manispaa ya Morogoro unaolala chini ya Milima ya Uluguru, ukiipita SUA. Watu wa nje wanaijua kwa Shirika la Mzinga, lile la jeshi. Wanachuo wanaijua kwa vyumba vya kupanga. Morogoro ni mji wa vyuo: SUA ipo tangu 1984, kuna Mzumbe, kuna Chuo Kikuu cha Waislamu, kuna Jordan, na vyuo vya kati kibao. Hosteli hazitoshi, kwa hiyo vijana wanamwagika mitaani. Chumba kimoja watu wawili, bumu likikata watu watatu, godoro chini, waya wa chaji mmoja unagombewa kama mpira wa kona.

Usiku ukiwa mkubwa, upepo unashuka mlimani, mji kasoro bahari unatulia. Ni hali ya hewa ya kulala fofofo. Lakini angalia madirisha. Taa zimezimwa, mapazia yanawaka bluu. Chumba kizima kipo macho, kila mtu na kioo chake, hakuna anayeongea na mwenzake.

Kwa lugha ya mtaani, kupiga mzinga ni kuomba hela. Basi kinachofanyika usiku ule ni hicho: mastaa wanapiga mizinga, na Mzinga inalipa.

STAA WA SAA NANE USIKU

Kuna staa mmoja wa kike wa Bongo Movie, jina kapuni. Filamu siku hizi hazilipi kama zamani, kwa hiyo dada kahamia TikTok. Ratiba yake wanachuo wanaijua kuliko ratiba ya mitihani. Saa tano usiku anawasha laivu. Anajipaka mafuta, anakula matunda, anagusia wanaume zake wa zamani bila kumaliza stori. Ikifika saa saba mechi zinaanza: yeye na staa mwenzake wanawekwa ubavu kwa ubavu kwenye kioo, dakika zinahesabiwa, mashabiki wanamwaga zawadi, mwenye zawadi nyingi ndiye mshindi.

Zawadi hizo zinanunuliwa kwa sarafu za TikTok. Ua la waridi ni sarafu moja, mtu anaona si kitu. Simba ni sarafu 29,999, huyo wa matajiri. Ila biashara haisimami kwa simba, inasimama kwa maua. Ni watu wengi wenye hela ya chai tu, kila mmoja anarusha kumi, anarusha ishirini, ili jina lake litajwe. Na kabla dada hajaigusa hiyo hela, wenye mtandao wameshakata fungu lao.

Kijana amejilaza kwenye godoro la inchi nne, hana anayemjua mjini, halafu staa anataja jina lake mbele ya watu elfu kadhaa. Hiyo raha haina mfano. Anayemcheka hajawahi kuwa mpweke.

Sasa hesabu. Mwanachuo mwenye mkopo wa Bodi anapewa Sh 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, kiwango kilichopandishwa mwaka 2022. Humo humo kuna kodi ya chumba, msosi, nauli na bando. Ua la waridi linatoka humo. Na si sadaka wala zawadi, ni deni. Siku akipata kazi, asilimia 15 ya mshahara itakatwa kila mwezi mpaka liishe. Yaani kuna vijana watakaokuwa na watoto wao wenyewe huku bado wanalipia maua waliyomrushia dada wa saa nane usiku mwaka wa pili chuoni. Dada mwenyewe wakati huo atakuwa ameshasahau hata jina alilolitaja.

Kinachokera zaidi si hela. Ni ile kauli yake anayopenda kuirudia watu wakiaga kwenda kulala, kwamba usingizi ni wa walalahoi. Komenti zinajaa vicheko. Ajabu ni kwamba wanaocheka ni watoto wa walalahoi hao hao. Mlalahoi ni mtu aliyefanya kazi mpaka mwili ukakubali kushindwa, akalala hoi. Usingizi wake ameulipia kwa jasho. Kumcheka yeye ukiwa umevaa gauni la kulalia la bei mbaya, na wewe mwenyewe utalala mpaka saa saba mchana, ni dharau iliyopakwa mafuta ya nazi.

Maana yeye analala! Hilo watu hawalioni. Staa hajanyimwa usingizi, kauhamishia mchana. Mwanachuo hana mchana wa kuhamishia. Ana kipindi saa moja asubuhi.

MHAMASISHAJI ANAYELALA MAPEMA

Kuna na huyu mwingine, mwanaume, mhamasishaji. Suti ya bluu, kiatu chenye ncha, gari ambalo wambea wanasema ni la kuazima. Kazi yake ni kuwaambia vijana wafanikiwe. Kila usiku saa tisa posti yake inaruka: masikini wamelala, washindi wapo macho, wewe upo kundi gani? Chini vijana wanajibu kwa moto na ngumi, nipo macho kaka, nipo macho.

Upo macho unafanya nini? Unasoma posti ya kuwa macho.

Na siri ya posti za saa tisa usiku wala si siri. Programu za mitandao zina sehemu ya kupanga muda. Unaandika saa nane mchana ukiwa unakula ugali na samaki, unaweka itoke usiku wa manane, saa nne unajifunika shuka. Posti inakesha, mwenye posti anakoroma. Kesho kutwa anauza tiketi za semina ya kubadilisha maisha, na anayenunua ni yule aliyefeli jaribio kwa sababu ya kukesha.

Hao wawili wamejifunza kwa wakubwa wao. Mwaka 2017 bosi wa Netflix, Reed Hastings, alisema hadharani kwamba mshindani wao ni usingizi. Hakuficha. Kampuni kubwa ya Marekani iliangalia soko, ikaona anayeichukulia wateja ni usingizi wa watu. Mwaka uleule wanasayansi watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza saa iliyomo ndani ya mwili, ile inayoamua lini mtu asinzie na lini aamke. Dunia moja, mwaka mmoja: wengine wanatuzwa kwa kuieleza saa ya mwili, wengine wanahesabu faida ya kuivuruga.

Na kuna Mmarekani mwingine, Aza Raskin. Mwaka 2006 alibuni ule mtindo wa ukurasa usioisha, unasukuma kwa kidole na vitu vinakuja tu. Baadaye alijitokeza kusema anajutia kilichofanyika na wazo lake. Fikiria: gazeti lina ukurasa wa mwisho. Kaseti ya zamani ilikuwa inafika mwisho inakata, tak, unainuka kugeuza, ukiinuka unakumbuka kwamba kumekucha. Simu haina tak. Aliyeiondoa anajuta, na wengine wanaendelea kula hela yake.

BANDO LA POPO

Sasa wenye mitandao ya simu nao waje hapa mbele, wasijifanye wageni waalikwa.

Bando la usiku linajulikana na kila mwanachuo. Linaanza saa sita usiku, linakufa alfajiri, linakupa mabando mengi kwa hela ndogo kuliko la mchana. Ni bando la popo. Mwenye hela ananunua la wiki, anaangalia mambo yake mchana, usiku analala. Asiye na hela anasubiri saa sita. Kupakua kitabu, kuangalia somo YouTube, kushusha programu ya hesabu, vyote vinamsubiri usiku wa manane kwa sababu mchana hawezi kuvinunua.

Watu wanakumbuka Aprili 2021, bando zilipopanda watu wakapiga kelele nchi nzima mpaka Serikali ikasitisha viwango vipya. Kelele zile zilikuwa za bei. Kuhusu saa hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyeuliza kwa nini urahisi unawekwa usiku wa manane. Jibu la wenye mitambo ni rahisi: usiku mitambo iko huru, wateja wachache, afadhali kuuza nusu bei kuliko kukaa bure. Kibiashara ni sawa kabisa. Lakini ukimuuzia masikini intaneti saa sita usiku tu, usimtangazie mchana kwamba ana tatizo la kukesha. Umemuuzia mwenyewe.

Na mtu akishaamka saa sita kwa ajili ya kitabu, kitabu kinashuka dakika nne. Bando linabaki limejaa na litakufa alfajiri. Nani atakubali hela yake ife? Anaanza kuangalia video moja. Hapo ndipo dada wa laivu anamkuta.

GRUPU LA DARASA HALILALI

Hapa wengi hawatapenda, ila itasemwa. Chuo nacho kina mkono.

Mwanachuo wa leo hawezi kuzima simu usiku hata akitaka. Grupu la WhatsApp la darasa ndilo ubao wa matangazo. Mwalimu anamtumia CR ujumbe saa nne usiku, CR anaurusha grupuni saa tano: kipindi kimehamishwa, jaribio kesho saa moja kamili, ukumbi umebadilika. Aliyezima simu akalala kama binadamu anafika asubuhi anakuta mlango mtupu. Akilalamika anaambiwa, kwani hukuona grupuni?

Kuna binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mpangaji wa Mzinga, chuo chake kapuni. Nidhamu anayo, saa nne simu mbali, saa tano kalala. Akakosa jaribio namna hiyo mara moja. Tangu siku hiyo analala na simu chini ya mto, sauti juu, na kila ikilia anashtuka. Usiku mmoja inalia mara arobaini: tangazo moja, thelathini na tisa ni vikatuni na watu wanaotuma ahsante CR. Huyo naye mtamwita mraibu? Huyo ni mlinzi wa usiku asiyelipwa.

Sasa mkuu mmoja, naye jina kapuni, alisimama mbele ya vijana akawachana dakika ishirini kuhusu simu, kizazi kimeharibika, zamani watu walisoma kwa kibatari. Makofi. Na muda wote alipokuwa amekaa meza kuu, kichwa kilikuwa kimeinama mapajani, kidole gumba kinasukuma. Waliokuwa mstari wa mbele waliona.

MAMA WA MGETA

Wapo watakaosema, aah, si usingizi tu, atalala wikiendi. Basi isikilizeni hii.

Kuna kijana mmoja wa mwaka wa pili, kwao Mgeta, huko juu Uluguru zinakotoka kabichi na karoti zinazokwenda mpaka Kariakoo. Mama yake analima mboga kwenye ngazi za mlimani, kwenye shamba la ukoo wa mama, maana kwa Waluguru ardhi inapita upande wa mama. Wajomba walikaa kikao, wakachanga, kijana akaenda chuo. Wa kwanza kwenye ukoo.

Siku ya gulio mama anaamka saa kumi alfajiri kufunga mzigo awahi gari. Saa hiyohiyo mwanawe Mzinga bado hajalala. Wote wawili wapo macho saa kumi, mmoja kaamka kutafuta hela, mwingine anamalizia kuitumia.

Mama ana kitochi, hana habari za mitandao. Mdogo wake kijana mwenye simu janja ndiye alimwambia kwamba kaka yupo hewani usiku kucha. Mama akafurahi sana. Akawatangazia majirani: mwanangu anasoma mpaka alfajiri.

Mwaka ulipoisha kijana alikuwa na sapu nne. Nyumbani hakusema. Alisema anabaki Morogoro kwa ajili ya mafunzo ya vitendo, mama akatuma hela ya nauli ambayo haikuwa na safari. Akishindwa hizo sapu anadisko, na akidisko hatakayemweleza si Bodi wala mkuu wa chuo. Ni wajomba, kwenye kikao kilekile, shamba lilelile.

Huyo ndiye mlalahoi anayechekwa na dada wa laivu. Ni mama huyo.

MWILI HAUDANGANYIKI

Wenye kudhani kukesha ni ujasiri wanatakiwa kusikia habari za Australia. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid waliwakesha watu, wakawapima, kisha wakawalinganisha na waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10, na huyo mtaani anaitwa amelewa.

Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, saa 17 zinatimia saa tano usiku. Mechi za dada hazijaanza bado! Anayeunganisha mpaka asubuhi anapanda bodaboda kwenda kipindini akiwa kama mlevi, anashika chupa za maabara kama mlevi, anajibu mtihani kama mlevi. Tofauti ni moja tu, mlevi ananuka pombe watu wakamkwepa.

Wataalamu wa usingizi wanasema mtu wa miaka 18 hadi 25 anahitaji saa saba mpaka tisa. Na mwili wa umri huo kwa asili unachelewa kusinzia kuliko wa mtu mzima, hivyo kijana tayari anaanza mbio akiwa nyuma. Mwanga wa kioo unachelewesha melatonini, ile homoni inayoutangazia mwili kwamba ni usiku. Lakini mwanga peke yake si mchawi mkuu. Mchawi ni kilichomo ndani ya mwanga: ugomvi, umbea, mechi, kutafuta jina lako kwenye orodha. Hata ukipunguza mwanga mpaka kioo kiwe kama mshumaa, moyo unaodunda hausinzii.

Na alichosoma mchana kinahitaji usingizi ili kikae kichwani. Ubongo unapanga kumbukumbu ukiwa umelala. Anayesoma saa tatu halafu asilale ni kama anayechota maji Ngerengere kwa tenga. Kuchota kachota, ila nyumbani anafika na tenga.

Halafu kuna vile vinywaji vya kuchangamsha vya kwenye kopo na chupa. Kafeini ikiingia, baada ya saa tano hivi karibu nusu yake bado ipo mwilini. Aliyekunywa saa nne usiku ili asome, saa tisa bado anachekeshwa na dari. Anachukua simu. Kuanzia hapo kila mtu anajua kinachofuata.

ETI NI MATEJA WA SIMU

Neno uraibu limekuwa rahisi siku hizi. Kila kijana mwenye simu anaitwa teja. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa michezo ya video kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022. Simu yenyewe haimo. Hii haina maana kwamba hakuna tatizo. Ina maana kwamba kumbandika mtu jina la ugonjwa si sawa na kumtibu. Ukimwita teja anacheka, anaweka stetasi ya kichekesho kuhusu uteja, watu wanapenda, anabaki macho kuhesabu waliopenda.

Neno teja lina faida kwa watu wawili tu. Anayeuza, kwa sababu lawama yote inakwenda kwa mnunuzi. Na mkubwa anayehutubia, kwa sababu hana tena haja ya kubadilisha chochote. Mpiga laivu, muuza bando, mpanga vipindi, wote wanaosha mikono halafu wanaketi kumshangaa kijana.

WANACHUO NAO WASIJIFICHE

Lakini isije ikaonekana wanachuo ni malaika. Wapo waliosoma mpaka hapa wanatabasamu, wanasema si unaona, kosa si langu. Taratibu, bwana.

Bando la usiku linaweza kupakua kitabu lenyewe wewe ukiwa umelala. Hakuna aliyekulazimisha kukaa kulilinda kama mgonjwa. Tangazo la CR linasomwa kwa dakika moja, haliendelei mpaka saa tisa. Na yule anayeangalia video kwa sauti bila spika za masikioni, chumba cha watu watatu, anaiba mara mbili: wake na wa wenzake. Kuna mshikaji mmoja Mzinga kahama chumba mara mbili mwaka mmoja, kisa si kodi, ni wenza wa chumba wasiozima simu. Huyo anakesha laivu asizozipenda, za staa asiyemjua.

Na kisingizio cha fursa nacho kimechosha. Kila anayekesha anasema anatafuta fursa mtandaoni. Sawa, wapo wanaouza nguo, wapo wanaohariri video wakalipwa, hao wanajulikana kwa sababu wana risiti. Asiye na risiti mwaka mzima hatafuti fursa. Yeye mwenyewe ndiye fursa.

KIFANYIKE NINI

Hakuna haja ya semina wala kamati. Ni mambo manne.

Moja, magrupu ya madarasa yafungwe kwa wachangiaji kila siku saa tatu usiku, WhatsApp inaruhusu msimamizi peke yake kutuma. Na mwalimu akichelewa kutangaza, jaribio lisifanyike kesho yake. Hiyo haigharimu hata shilingi.

Mbili, wenye mitandao wanaojinadi kwa ofa za wanachuo walete unafuu huohuo mchana, hata kwa saa mbili tu za alasiri. Kama kweli wanawapenda wanafunzi, wawapende jua likiwa limewaka.

Tatu, mastaa. Laivu ianze saa moja, iishe saa nne. Mashabiki wa kweli watakuja saa hiyo. Wasiokuja walikuwa wanakuja kwa sababu hawana usingizi, na mtu wa namna hiyo hupaswi kumchangisha, unapaswa kumwambia alale. Dada akisema neno hilo moja mbele ya mechi, lala mdogo wangu kesho una kipindi, atakuwa amefanya zaidi ya wahutubiaji wote wa Morogoro.

Nne, mwanachuo mwenyewe anunue saa ya mezani ya kengele. Ile ya sokoni, ya betri. Maana kila mtu anasema simu iko kitandani kwa sababu ya kengele. Basi kengele ikae mezani, simu ichajiwe mlangoni, na chumba kizima kikubaliane saa moja ya kuzima. Wakiwa watatu, wawili watamkumbusha wa tatu. Mtu mmoja peke yake haishindi biashara nzima ya dunia, ila chumba kinaweza.

Mwisho, hizo sapu nne zina tarehe. Zitafanyika asubuhi, na usiku wa kuamkia siku hiyo dada atakuwa hewani kama kawaida, saa nane, mechi ya mwisho, anataja majina. Litakalotajwa safari hii ni la nani?

Tupia maoni hapo chini. Ila kama ni baada ya saa nne usiku, subiri asubuhi.